Kula kwenye mgahawa wa kifahari Ufaransa: mwongozo kamili kwa mgeni, tangu kushika meza hadi kulipa bili

Wageni wengi wanaotoka kwenye mgahawa wa hadhi ya juu Ufaransa wakiwa na kinyongo hawakuharibiwa na chakula. Walinyamaza pale walipotakiwa kusema. Hawakutaja kwamba hawali nguruwe, wakaona haya kuomba maji ya bure, au wakaitikia kwa kichwa swali wasilolielewa na likatokea kwenye bili. Jiko la Kifaransa la kiwango hiki hupangwa tangu asubuhi, kila mchuzi na kila kipande kimehesabiwa. Ukisema mapema, karibu kila kitu kinawezekana. Ukisema sahani ikiwa mezani, hata mpishi hodari hana la kufanya.

Kuchagua mgahawa

Kipimo kinachojulikana zaidi ni nyota za Michelin, kampuni ya matairi ya Kifaransa inayotoa kitabu cha kupima migahawa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1900, nyota zikaanza 1926, na ngazi tatu zikafuata miaka michache baadaye. Nyota moja maana yake jiko ni zuri sana. Mbili maana yake inafaa kupinda njia ili ufike. Tatu maana yake inafaa kufunga safari kwa ajili ya mlo huo peke yake. Nyota hupewa chakula, si mapazia wala viti, kwa hiyo usishangae kukuta mgahawa wa nyota moja wenye meza kumi na mbili zisizo na kitambaa.

Kama ni mara yako ya kwanza, chagua wa nyota moja na uende mchana. Jiko ni lilelile na wapishi ni walewale, lakini seti ya mchana (sahani kadhaa kwa bei moja), hasa kati ya Jumanne na Ijumaa, mara nyingi ni nusu ya bei ya usiku au chini yake. Paris seti ya mchana ya nyota moja huanzia karibu yuro 50 na kufika 100. Usiku kwenye nyota tatu, tegemea yuro 300 hadi 450 na zaidi kwa mtu mmoja, kabla ya vinywaji. Migahawa mingi ya daraja hili hufungwa siku mbili mfululizo kwa wiki, na mingi hufunga wiki kadhaa za Agosti. Angalia hilo kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Kushika meza, na mtego wa saa

Nyota moja, anza wiki tatu hadi nne kabla. Nyota tatu, miezi miwili au mitatu. Nafasi hushikwa kwenye tovuti ya mgahawa au kwa simu, na karibu kila mahali wataomba namba ya kadi ya benki kama dhamana. Hawakati pesa siku hiyo, ila usipofika bila taarifa watakata kiasi fulani kwa kila mtu. Soma sharti la kughairi. Mara nyingi ni saa 24 hadi 48 kabla.

Hapa wasafiri kutoka Afrika Mashariki hukwama kwa sababu mbili. Kwanza, kadi nyingi za benki zetu huwa hazijafunguliwa kwa malipo ya nje au ya mtandaoni, kwa hiyo iambie benki yako ifungue kabla hujaondoka, na uulize kikomo cha matumizi kwa siku. Pili, benki hutuma namba ya siri ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu. Ukiwa Paris na laini yako haishiki mtandao, ujumbe haufiki na nafasi inapotea. Shika meza ukiwa bado nyumbani.

Kisha saa. Wafaransa huandika muda kwa saa 24, wakianza kuhesabu usiku wa manane. *12h15* ni saa sita na robo mchana. *13h30* ni saa saba na nusu. *20h* ni saa mbili usiku, na *21h30* ni saa tatu na nusu usiku. Mtu aliyezoea hesabu yetu ya saa huona 20h na kichwa kikamwambia nane. Andika saa zote mbili, ya kwao na ya kwetu, kwenye karatasi moja. Mchana jiko hupokea wageni kati ya saa sita na saa saba na nusu tu, usiku kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu. Ukifika saa tisa alasiri ukidhani utapata chochote, mlango utakuwa umefungwa.

Kwa wanaotoka Kongo, Rwanda na Burundi, Kifaransa chenu kinasaidia sana, ila kumbukeni kwamba *septante* (sabini) na *nonante* (tisini) hazitumiki Ufaransa. Bei ya yuro 95 itatamkwa *quatre-vingt-quinze*. Na *déjeuner* kwao ni chakula cha mchana, *dîner* ni cha usiku.

Ujumbe wa kutuma kabla: usichokula

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, hasa kwa Mwislamu, kwa mwenye mzio na kwa mjamzito. Itume wakati wa kushika meza, au angalau siku tatu kabla. Unaweza kunakili hivi:

*Bonjour, nous serons deux. L'un de nous ne consomme ni porc, ni alcool (y compris dans les sauces, les marinades et les desserts), ni gélatine de porc. Pas de viande : le poisson, les fruits de mer, les œufs et les légumes conviennent. Est-ce possible pour vous ? Merci.*

Maana yake: tuko wawili, mmoja wetu hali nguruwe, hatumii pombe hata kwenye michuzi, nyama zilizolowekwa na vitindamlo, wala jelatini ya nguruwe. Asipewe nyama, bali samaki, viumbe vya baharini, mayai na mboga ni sawa. Tumependekeza kuacha nyama kabisa kwa sababu migahawa hii ni nadra kuwa na nyama ya halali. Kumwomba mpishi "atafute" huleta ahadi usiyoweza kuithibitisha.

Kusema "sili nguruwe" peke yake hakutoshi, kwa kuwa pombe na nguruwe hujificha. Mchuzi wa *beurre blanc* unaomwagwa juu ya samaki huanza na mvinyo mweupe na siki. *Court-bouillon*, maji ya kuchemshia samaki, huwa na mvinyo mweupe pia (na mara nyingi kitunguu kilichochomekwa karafuu, harufu utakayoitambua mara moja). *Bordelaise*, *bourguignonne*, *au porto* na *au madère* zote ni michuzi ya mvinyo. *Foie gras*, yaani maini ya bata au bata bukini aliyenenepeshwa, mara nyingi hulowekwa kwenye konyaki au mvinyo mtamu. Vipande vidogo vya nguruwe viitwavyo *lardons* huingia kwenye dengu, kabichi na saladi. Krimu zilizogandishwa hushikwa na jelatini. Keki ya *baba au rhum* imelowa ramu, na ganashi ya chokoleti inaweza kuwa na konyaki. Usikubali maelezo kwamba pombe yote huyeyuka jikoni, maana sehemu yake hubaki. Bata maarufu wa mgahawa wa La Tour d'Argent wa Paris, ambao hupewa namba tangu 1890, mchuzi wake huzitishwa kwa damu ya bata huyohuyo iliyokamuliwa kwa mashine mbele ya wageni. Ni sahani ya kihistoria, lakini si ya kila mtu.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha mgahawa kutoa taarifa za vizio 14, vikiwemo karanga, maziwa, mayai, ngano, samaki, kamba na ufuta. Uliza *les allergènes*. Mjamzito aepuke jibini za *lait cru*, yaani maziwa mabichi, *tartare* ya nyama au samaki, na foie gras ya *mi-cuit* ambayo haikupikwa ikaiva kabisa.

Mavazi

Mwanaume: suruali ya kitambaa, shati lenye kola, koti, viatu vilivyofungwa. Tai si lazima sehemu nyingi, ila migahawa michache bado hudai koti, na hilo huandikwa kwenye tovuti kwa maneno *veste exigée*. Mwanamke: gauni au suti nadhifu. Kitenge kilichoshonwa vizuri, kanzu na buibui ni mavazi ya heshima na hayana tatizo. Kinachokataliwa ni kaptula, ndala, kofia ya mchezo na viatu vya mazoezi vilivyochakaa.

Kuingia na kukaa

Salamu kwanza. Mswahili hahitaji kufundishwa hili, na kwa bahati nzuri Wafaransa wako vivyo hivyo. Anayeanza na shida yake kabla ya *bonjour* (bonzhuu) mchana au *bonsoir* (bonswaa) jioni huonekana hana adabu, na huduma hupoa palepale. Sema salamu, kisha jina la nafasi: *J'ai une réservation au nom de…* Subiri upelekwe mezani, usijichagulie. Ukichelewa zaidi ya dakika 15, piga simu.

Anayekupokea ni *maître d'hôtel*, ndiye mkuu wa ukumbi. Wa mvinyo ni *sommelier*. Ukitaka kumwita yeyote, tazamana naye na uinue kiganja kidogo, au sema *s'il vous plaît* (silvuple). Neno *garçon* ni la zamani na linaudhi. Kupiga vidole ni vibaya zaidi.

Ukishakaa, tandaza leso mapajani. Mikono iwe juu ya meza, vifundo vya mikono vikiegemea ukingo, viwiko vikiwa nje. Kuficha mikono mapajani si adabu ya Kifaransa.

Swali la kwanza ni la pesa

Kabla hujaona orodha ya chakula, mtu atakuja kwa uso mkunjufu na kuuliza kama ungependa *une coupe de champagne*. Si zawadi. Glasi moja inaweza kuwa yuro 20 au zaidi. Kukataa hakuna aibu: *Non merci, pas d'apéritif*, yaani asante, sitaki kinywaji cha kabla ya chakula.

Kisha maji: *plate ou gazeuse?* yaani yasiyo na gesi au yenye gesi. Ukijibu mojawapo, umeshanunua chupa. Maji ya bomba Ufaransa ni salama, na mgahawa unapaswa kuyatoa bure pamoja na mlo. Sema *une carafe d'eau, s'il vous plaît* (in karaf do). Mkate nao ni bure, vilevile vitafunio vidogo vya mwanzo na peremende za mwisho.

Tuseme watu wawili wamekwenda mchana kwa seti ya yuro 85. Chakula ni 170. Shampeni mbili za 22 ni 44, chupa ya maji 10, glasi nne za mvinyo za 18 ni 72, kahawa mbili za 9 ni 18. Jumla 314. Wenzao wa meza ya jirani waliokunywa maji ya bomba na kuacha kahawa wamelipa 170, na wamekula chakula kilekile.

Kusoma orodha

*La carte* ndiyo orodha nzima, ambapo kila sahani ina bei yake. *Le menu* si orodha, ni seti ya bei moja. *Entrée* ni kitangulizi, wala si chakula kikuu kama ilivyo Marekani. Chakula kikuu ni *plat*. *Menu dégustation* ni mfululizo wa sahani ndogo sita hadi kumi au zaidi, na kwa kawaida meza yote lazima iagize hiyohiyo. Inachukua saa tatu hadi nne, kwa hiyo usiipange kabla ya ndege au treni.

Angalia maneno matatu yanayoongeza bili. *Supplément* ni nyongeza juu ya bei ya seti. *Les 100 g* ni bei kwa uzito, hasa kwa kambakoche na samaki mzima, kwa hiyo uliza atakuwa na gramu ngapi. Na *truffe*, uyoga wa chini ya ardhi, ukiletwa na kukunwa juu ya sahani yako, uliza bei kabla kisu hakijagusa. Ikiwa orodha uliyopewa haina bei, umedhaniwa kuwa ni mgeni wa mwenyeji, omba *la carte avec les prix*.

Majina yanayowashtua wageni: *ris de veau* si wali (*riz*), ni tezi ya ndama. *Andouillette* ni soseji ya matumbo ya nguruwe yenye harufu kali. *Tartare* ni mbichi. *Rognons* ni figo, *cervelle* ni ubongo, *lapin* ni sungura.

Kuhusu uivaji, kipimo chao kiko chini ya chetu. *Bleu* imepita motoni tu. *Saignant* ni nyekundu ndani. *À point*, ambayo wengi hudhani ni "iliyoiva", bado ni ya waridi katikati. *Bien cuit* ndiyo iliyoiva. Njiwa na kifua cha bata huletwa vikiwa vya waridi bila kuulizwa. Kama hutaki, sema wakati wa kuagiza, au chagua sahani iliyopikwa polepole, maana bata aliyekaushwa kupita kiasi hana raha.

Mvinyo, au kutokunywa kabisa

Mwambie sommelier kiasi chako kwa kuonyesha bei kwenye orodha na kusema *dans ces eaux-là*, yaani karibu na kiwango hiki. Ataelewa bila wenzako kusikia. Chupa italetwa uthibitishe jina na mwaka, kisha tone litamiminwa. Hapo huulizwi kama umeupenda, unaulizwa kama umeharibika. Harufu ya karatasi iliyolowa na kuvunda maana yake kizibo kimeuharibu, sema *bouchonné* nao watabadilisha. Vinginevyo itikia kwa kichwa. Asiyekunywa aulize *un accord sans alcool*: migahawa mingi hutengeneza sasa vinywaji vya matunda, chai na viungo vinavyofuatana na sahani, na baadhi ni kazi nzuri kuliko mvinyo wenyewe.

Kula

Vifaa hutumika kuanzia vya nje kuingia ndani. Kijiko bapa chenye mkato pembeni ni cha mchuzi, kitumie kwa haki, maana mchuzi ndio uliochukua siku mbili jikoni. Mkate hukatwa kwa mikono, kidogo kidogo, na kama hakuna kisahani chake unawekwa juu ya kitambaa upande wa kushoto. Majani ya saladi hukunjwa kwa uma badala ya kukatwa. Bakuli la maji yenye limau baada ya kamba ni la kunawa vidole. Chumvi na pilipili huenda zisiwe mezani. Onja kwanza, kisha omba ukihitaji, lakini acha kichupa chako cha pilipili hotelini.

Ukipumzika, weka uma na kisu kama herufi V iliyopinduliwa. Ukimaliza, vilaze sambamba kuelekea kulia chini. Wengi hunyang'anywa sahani nusu kwa kutojua hili. Pengo la dakika 15 au 20 kati ya sahani ni la kawaida. Likipita nusu saa, unaweza kuuliza.

Jibini huja kabla ya kitindamlo, mara nyingi kwa toroli lenye aina ishirini au zaidi. Hapa ndipo wageni hupoteza nafasi nzuri, kwa kukataa kwa woga au kuonyesha kumi kwa pupa. Chagua tatu hadi nne. Sema *doux* kwa laini, *fort* kwa kali, naye atakupangia kuanzia ya mbuzi hadi ya bluu. Kula kwa mpangilio huo, kwani ukianza na Roquefort, jibini ya bluu iliyo kali, ulimi hautasikia nyingine. Gamba si lazima. Toroli halirudi mara ya pili. Anayezingatia halali ajue kwamba jibini nyingi za jadi, Comté ikiwa mojawapo, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Kahawa huja baada ya kitindamlo, nyeusi na ndogo. Ukitaka maziwa au chai, sema.

Bili na kuondoka

Bili haitaletwa hadi uiombe, kwa sababu kumletea mgeni bili bila kuulizwa ni kama kumfukuza. *L'addition, s'il vous plaît* (ladisyon silvuple). Ikague mstari kwa mstari, hasa idadi ya glasi na chupa za maji. Huduma na kodi tayari zimo ndani ya bei kwa mujibu wa sheria, ndiyo maana ya *service compris*. Bakshishi si deni. Ukiridhika sana, acha yuro 10 au 20 taslimu. Mashine ya kadi huletwa mezani. Ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au kwa yuro, chagua yuro, maana kiwango cha kubadilisha cha mashine huwa kibaya.

Leso iache mezani bila kuikunja, chukua koti lako kwa aliyelitunza, uage kwa *merci, bonne soirée*. Kama umekula usiku Paris na unategemea metro, treni za mwisho hufika mwisho wa njia karibu saa saba na robo usiku, na saa nane na robo usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Ukiona kitindamlo kinaletwa saa sita, mwombe maître d'hôtel akuitie teksi.